INTANETI MOJA, KOMPYUTA NYINGI
Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Kila mmoja awe na daftari na kalamu, na mwalimu wa darasa akae karibu na ubao, kwa maana yako maneno mapya machache na hesabu mbili tatu za kufanya pamoja.

Somo letu ni juu ya kugawana intaneti nyumbani. Siku hizi si ajabu kukuta katika nyumba moja kompyuta ya baba, kompyuta ya kijana anayesoma chuo, na simu nne au tano za watu wengine. Kila mmoja ana haja yake. Mama ataka kujua bei ya bidhaa za duka lake. Kijana ataka kupeleka maombi ya mkopo wa masomo kabla ya siku ya mwisho. Baba ataka kusoma barua zake. Na mara nyingi kila mmoja hununua bando lake dogo dogo, la siku moja au la juma.

Mwalimu, tafadhali andika hesabu hii ubaoni. Tuseme nyumba ina watu watano, na kila mmoja hununua bando la shilingi 1,000 kwa siku. Watu 5 mara shilingi 1,000 ni shilingi 5,000. Shilingi 5,000 mara siku 30 ni shilingi 150,000 kwa mwezi. Fedha hizi hutoka kidogo kidogo, ndiyo maana hatuzioni zikiondoka. Na pamoja na kulipa fedha zote hizo, bado yawezekana bando la kijana likaisha saa tatu ya usiku, maombi yake yakiwa nusu, na siku ya mwisho ikampita.

Je, ni lazima kila kompyuta iwe na intaneti yake? La, si lazima. Intaneti moja ikiingia nyumbani yaweza kuhudumia kompyuta zote na simu zote. Lakini kugawana kuna kanuni zake. Leo tutajifunza kanuni tatu. Ya kwanza, lazima awepo mgawaji. Ya pili, kinachogawanywa hupungua. Ya tatu, mlango ufungwe. Mtu akizijua kanuni hizi tatu, hataibiwa bando lake, wala hatauziwa kitu asichokihitaji.

1. INTANETI HUINGIAJE NYUMBANI?

Kabla ya kugawana kitu, yafaa tujue kinatoka wapi. Intaneti ni kompyuta nyingi za dunia zilizounganishwa ili ziweze kupelekeana habari. Watu wengi hudhani kwamba habari hizi hupita hewani tu. Sivyo. Habari nyingi za kutoka ng'ambo hupita katika nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Kabla ya mwaka 2009 pwani yetu ya Afrika Mashariki haikuwa na waya wa namna hiyo, na habari zilipita kwa setilaiti, kwa gharama kubwa. Mwaka ule wa 2009 waya uitwao TEAMS ulifika Mombasa kutoka Fujairah, katika Falme za Kiarabu, na waya wa SEACOM ukafika Mombasa na Dar es Salaam. Mwaka 2010 ukafuata waya wa EASSy.

Kutoka pwani, habari husafiri nchi kavu mpaka mjini kwenu au kijijini kwenu. Kutoka hapo huingia nyumbani kwa njia mbili zilizo za kawaida. Njia ya kwanza ni faiba, yaani waya mwembamba wa kioo unaopitisha mwanga. Njia ya pili ni mnara wa simu, ambao husema na kadi ndogo tunayoiita laini. Penye faiba, kwa kawaida utapata mwendo mzuri zaidi. Pasipo na faiba, laini ya simu yatosha kwa nyumba nyingi.

2. KANUNI YA KWANZA: LAZIMA AWEPO MGAWAJI

Mgawaji ni kisanduku kidogo kiitwacho ruta. Huenda mmekwisha kukiona: chaweza kutosha katika kiganja cha mkono, kina taa ndogo ndogo zinazomeremeta, na vingine vina pembe mbili au nne zilizosimama juu. Upande mmoja wa ruta huingia intaneti kutoka nje. Upande wa pili hutoka intaneti kwenda kwa watu wa nyumbani.

Je, ruta hugawaje? Hebu tufikiri juu ya sanduku la posta la shule. Tuseme shule ina S.L.P. 75. Shule ina wanafunzi mia tatu, lakini sanduku ni moja. Mwanafunzi akitaka kumwandikia mtu, humpa karani barua yake. Karani huandika katika kitabu: "Leo mwanafunzi wa chumba namba 4 amemwandikia fulani wa Moshi." Kisha hupeleka barua posta, na juu yake ameandika anwani ya shule, S.L.P. 75. Jibu linapokuja, linakuja S.L.P. 75. Mtu wa posta hajui habari za chumba namba 4, wala hana haja ya kujua. Karani ndiye anayefungua kitabu chake, akatazama, akalipeleka jibu kwa mwenyewe.

Ruta ni karani huyo. Kila kompyuta katika intaneti huhitaji anwani ya namba, ili majibu yajue pa kurudi. Kampuni huipa nyumba yako anwani moja ya nje. Ndani ya nyumba, ruta yenyewe huipa kila kompyuta na kila simu namba yake ya ndani, kama namba za vyumba. Mara nyingi namba hizo za ndani huanza na 192.168. Kompyuta ya baba ikiuliza habari, ruta huandika katika kumbukumbu zake nani ameuliza nini, kisha hulipeleka swali nje kwa anwani ya nyumba. Jibu likirudi, hulipeleka kwa baba, wala si kwa kijana. Kazi hii yote hufanyika kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, tena maelfu ya mara katika saa moja.

Hapa darasa lingeweza kuuliza: Kwa nini kampuni isiipe kila kompyuta anwani yake ya nje? Swali hili ni zuri. Namba za intaneti zilipangwa mwaka 1981, wakati kompyuta zilipokuwa chache. Kwa mpango ule namba zote za dunia ni 4,294,967,296, na sehemu yake imetengwa kwa kazi nyingine. Wakati ule zilionekana nyingi mno. Leo watu wa dunia wamepita bilioni 8, na wengi wana chombo zaidi ya kimoja. Wataalamu waliona mapema kwamba namba hazitatosha. Mwaka 1994 Kjeld Egevang na Paul Francis walitoa maandishi yanayoeleza jinsi namba moja ya nje inavyoweza kutumiwa na kompyuta nyingi za ndani. Mwaka ule ule namba maalumu zikatengwa kwa matumizi ya ndani tu. Ndizo hizo zinazoanza na 192.168, na mafungu mengine mawili. Namba hizi zaweza kutumika nyumbani kwako na nyumbani kwa jirani bila kugongana, kama vile kila shule yaweza kuwa na chumba namba 4.

Yale waliyoyaogopa yalitokea. Mwezi Februari 2011 ghala kuu ya namba za dunia ilimaliza kugawa mafungu yake ya mwisho kwa ofisi tano za sehemu za dunia. Ofisi ya Afrika huitwa AFRINIC, nayo iko Mauritius. Namba mpya ndefu zaidi zimekwisha kupangwa, nazo zinaendelea kuenea, lakini zile za zamani bado zinatumika mahali pengi. Kampuni nyingi za simu nazo hufanya kazi ya karani vivyo hivyo: namba moja ya nje huhudumia nyumba nyingi. Basi msione kwamba kugawana ni jambo la wasio na uwezo. Dunia nzima inagawana.

(Mwalimu, simamisha hapa kidogo. Mwombe mwanafunzi mmoja aeleze kwa maneno yake mwenyewe kazi ya karani wa shule, na mwingine aeleze kazi ya ruta.)

3. NJIA ZA KUUNGANISHA

Sasa tuone jinsi kompyuta inavyounganishwa na ruta. Ziko njia mbili kubwa: waya na hewa.

Waya ni njia ya kuaminika. Nyuma ya ruta mtaona matundu, mara nyingi manne. Upande mmoja wa waya huingia katika tundu la ruta, na upande wa pili huingia katika kompyuta. Waya huu waweza kufika mita 100 bila kuhitaji chombo kingine katikati. Matundu yakipungua, hununuliwa kisanduku kiitwacho swichi, ambacho kazi yake ni kuongeza matundu. Kompyuta isiyohama mahali pake, kama ile ya dukani au ya mezani, ni vizuri ipewe waya.

Njia ya hewa huitwa Wi-Fi. Ruta hutoa mawimbi kama yale ya redio, na kompyuta huyapokea. Simu, na kompyuta ya kubeba mkononi, hupendelea njia hii. Ruta nyingi za sasa hutoa mawimbi ya namna mbili. Namna ya kwanza, iliyoandikwa 2.4, hufika mbali na hupita kuta vizuri zaidi, lakini mwendo wake ni mdogo. Namna ya pili, iliyoandikwa 5, ina mwendo mkubwa, lakini hudhoofika upesi ikikutana na kuta. Basi ukiwa chumba kimoja na ruta, chagua ya 5. Ukiwa chumba cha mbali, jaribu ile ya 2.4.

Ruta iwekwe wapi? Watu wengine huificha nyuma ya kabati, au huifungia ndani ya sanduku la chuma, kwa kuogopa wezi. Chuma huzuia mawimbi. Iweke katikati ya nyumba, mahali pa juu kidogo, mbali na jiko la mikrowevu, kwa sababu jiko hilo likiwaka huvuruga mawimbi ya 2.4.

Ziko njia nyingine ndogo mbili. Simu yako yaweza kuwa ruta: ukifungua sehemu iitwayo hotspoti, watu wengine hutumia intaneti ya laini yako. Njia hii ni nzuri kwa haja ya saa moja au mbili, lakini hula betri ya simu, na wewe ukitoka, intaneti imetoka nawe. Kadhalika kompyuta moja yaweza kuipa nyingine intaneti. Programu ya Windows ilianza kuwa na uwezo huo mwaka 1999. Ubaya wake ni kwamba ile kompyuta ya kwanza lazima iwake wakati wote. Ikizimwa, wote wamekosa. Kwa nyumba ya watu wengi, ruta ndiyo bora.

4. KANUNI YA PILI: KINACHOGAWANYWA HUPUNGUA

Sufuria moja ya wali hailishi watu kumi sawa na inavyolisha wawili. Intaneti ni vivyo hivyo. Hupungua kwa njia mbili: mwendo hupungua, na bando hupungua.

Tuanze na mwendo. Kampuni hutangaza mwendo wake kwa megabiti katika sekunde moja. Lakini faili lililo katika kompyuta hupimwa kwa megabaiti. Maneno haya mawili hufanana, lakini si kitu kimoja. Baiti 1 ni biti 8. Shikeni sana jambo hili, maana wengi hudhani wamedhulumiwa kumbe hawakufanya hesabu.

Mwalimu, andika. Kijana ataka kuteremsha faili la masomo lenye megabaiti 600. Megabaiti 600 mara 8 ni megabiti 4,800. Intaneti ya nyumba ina mwendo wa megabiti 10 kwa sekunde. Megabiti 4,800 gawanya kwa 10 ni sekunde 480, yaani dakika 8. Hapo kijana yuko peke yake.

Sasa watu wengine watatu waanze kuteremsha vitu vyao wakati ule ule. Megabiti 10 gawanya kwa watu 4 ni megabiti 2 na nusu kwa kila mmoja. Megabiti 4,800 gawanya kwa 2 na nusu ni sekunde 1,920, yaani dakika 32. Faili ni lile lile na nyumba ni ile ile, lakini dakika 8 zimekuwa dakika 32. Hapana aliyeiba. Wamegawana tu. Na kwa kweli muda huzidi kidogo, kwa sababu mwendo unaotangazwa na kampuni haufikiwi kila saa.

Basi mwenye kazi ya haraka apishwe. Siku ya kijana kupeleka maombi yake, wengine waache sinema kwa saa moja. Hili halihitaji fundi, lahitaji mazungumzo ya watu wa nyumba moja.

Sasa tutazame bando. Kama kampuni inakuuzia intaneti isiyo na kipimo, sehemu hii haikuhusu sana. Lakini wengi hununua kwa kipimo. Tuseme nyumba imenunua gigabaiti 30 kwa mwezi. Gigabaiti 30 gawanya kwa siku 30 ni gigabaiti 1 kwa siku, kwa nyumba nzima. Saa moja ya sinema yenye picha safi yaweza kula gigabaiti 2 au hata 3. Maana yake, mtu mmoja akitazama sinema saa moja, huenda amekula fungu la nyumba nzima la siku tatu. Lakini kuandikiana barua na kusoma maandishi hula kidogo sana.

Ninyi mnaopanga vyumba mnajua ugomvi wa LUKU moja kwa wapangaji watano. Mmoja ana jokofu, mwingine ana taa moja tu, na siku ya kuchanga fedha kila mmoja husema mwenzake ndiye aliyemaliza umeme. Bando la pamoja laweza kuleta ugomvi ule ule. Dawa yake ni kupatana kabla ya kununua, wala si baada ya bando kuisha. Patananeni mambo matatu: kila mmoja atachanga kiasi gani, sinema zitatazamwa wakati gani, na likiisha kabla ya mwezi nani atanunua jingine. Ruta nyingi huonyesha vyombo vilivyounganishwa, na nyingine huonyesha kila chombo kimetumia kiasi gani. Kitabu cha karani kikiwa wazi, maneno hupungua.

Jambo moja zaidi. Kompyuta hujiletea marekebisho ya programu zake bila kukuuliza, nayo yaweza kuwa makubwa. Katika kompyuta na simu nyingi pana mahali pa kuiambia kwamba intaneti hii ni ya kipimo, isiteremshe vitu vikubwa ovyo. Lakini msiyakatae marekebisho moja kwa moja, kwa maana mengi huziba matundu ambayo wezi wangeingilia. Chagueni siku moja, kila mmoja afanye yake kwa zamu.

5. KANUNI YA TATU: MLANGO UFUNGWE

Mawimbi ya Wi-Fi hayajui mpaka wa ua wako. Hupita ukuta, hufika kwa jirani na barabarani. Kwa hiyo ruta ina kufuli, nalo ni neno la siri. Wengine huliita nywila.

Kwa nini tufunge? Ziko sababu tatu. Kwanza, mgeni akiingia anakula bando lako na mwendo wako. Pili, neno la siri huyafumba maneno yako yanayopita hewani, jirani asiweze kuyasoma. Tatu, na hii ndiyo kubwa, lolote linalofanywa kupitia intaneti yako huonekana kutoka kwa anwani yako. Karani ameandika S.L.P. 75 juu ya bahasha. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2018. Mtu asiyemjua akitumia intaneti yako kutapeli watu, wa kwanza kuulizwa ni wewe ambaye jina lako limeandikishwa. Hata kama mwisho utaonekana huna kosa, utakuwa umepata usumbufu ambao kufuli lingeuzuia.

Sasa nasema nawe mmoja mmoja, mwenye ruta. Igeuze ruta yako utazame chini yake. Utaona karatasi yenye jina la Wi-Fi, neno lake la siri, na kwa kawaida namba kama 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Fanya hivi:

Kwanza, washa kompyuta iliyounganishwa na ruta, fungua programu unayosomea intaneti, na pale juu panapoandikwa anwani, andika namba ile.

Pili, utaulizwa jina na neno la siri la msimamizi wa ruta. Hili si neno la Wi-Fi. Ni ufunguo wa kufungulia ruta yenyewe. Mara nyingi limeandikwa pale pale chini.

Tatu, badilisha maneno yote mawili, la msimamizi na la Wi-Fi. Maneno ya kiwandani hujulikana na wengi, na kila aliyewahi kuishika ruta yako ameweza kuyasoma.

Nne, tafuta mahali pa kuchagua namna ya kufuli. Chagua WPA3 kama ipo na vyombo vyako vyote vinaikubali. Kama sivyo, chagua WPA2. Usichague WEP. Hilo ni kufuli la zamani, na udhaifu wake ulijulikana tangu mwaka 2001.

Neno la siri liwe refu. Maneno manne yasiyohusiana, yakiunganishwa, ni bora kuliko neno moja gumu ambalo wewe mwenyewe utalisahau. Usitumie jina la mtoto, wala namba ya simu, wala mwaka wa kuzaliwa. Usiliandike ukutani karibu na dirisha. Mpangaji akihama, libadilishe, kama unavyobadilisha kitasa. Na kama ruta yako ina Wi-Fi ya wageni, wape wageni hiyo, ili waweze kusoma habari zao bila kuingia chumba chenye kompyuta zako.

Karani wetu hutusaidia kidogo pia. Barua ikija kutoka nje bila mtu wa ndani kuiomba, karani hatazami kitabu akaona jina, basi kwa kawaida huitupa. Lakini msimtegemee mno. Mtu wa ndani akifungua mwenyewe barua ya tapeli, karani hana la kufanya.

Neno la mwisho juu ya mlango. Kugawana na watu wa nyumbani kwako ni jambo moja. Kuwauzia watu wa mtaa ni jambo jingine, yaani biashara. Soma mkataba wako na kampuni, na hapa Tanzania ukaulize kwanza kwa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kabla ya kupokea senti ya mtu.

6. INTANETI IKISIMAMA

Siku moja intaneti itasimama. Usikimbilie kuita fundi na kulipa. Jiulize swali moja kwanza: Je, ni kompyuta moja au ni zote?

Kama ni kompyuta moja tu, na wengine wanaendelea, ruta na kampuni hazina kosa. Kosa li katika kompyuta ile, au waya wake, au iko mbali mno na ruta. Isogeze karibu ujaribu.

Kama ni zote, tazama bando kama halijaisha. Halafu zima ruta, ngoja nusu dakika, uiwashe tena. Isipopona, piga simu kwa kampuni. Huenda kosa liko mbali sana. Mwezi Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM ziliharibika chini ya bahari, na intaneti ikalegea katika Tanzania, Kenya na nchi nyingine. Siku ile hata fundi hodari angefungua ruta yako asingepata cha kutengeneza.

MANENO YA KUKUMBUKA

Ruta: kisanduku kinachogawa intaneti moja kwa kompyuta nyingi.
Swichi: kisanduku cha kuongeza matundu ya nyaya.
Faiba: waya mwembamba wa kioo unaopitisha habari kwa mwanga.
Wi-Fi: intaneti ipitayo hewani kati ya ruta na kompyuta.
Neno la siri: kufuli la ruta na la Wi-Fi.
Megabiti na megabaiti: megabaiti 1 ni megabiti 8.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Karani wa shule na ruta wanafanana kwa jambo gani?
2. Faili lina megabaiti 300. Mwendo wa nyumba ni megabiti 20 kwa sekunde, na mtumiaji ni mmoja. Faili litachukua dakika ngapi? Wakiwa watumiaji wawili, litachukua dakika ngapi?
3. Kwa nini si vizuri kuifungia ruta katika sanduku la chuma?
4. Wapangaji watatu wanataka kununua bando la pamoja. Waandikieni mapatano mafupi yenye mambo matatu.

KAZI YA NYUMBANI

Kwa siku saba andika katika daftari kila shilingi inayotumika nyumbani kwako kununua bando, ya kila mtu, hata iwe ndogo. Jumlisha, halafu uone ni kiasi gani kwa mwezi. Kisha uliza bei ya intaneti moja ya nyumba nzima pamoja na ruta yake. Linganisha. Pengine utaona kugawana kunafaa. Pengine, kama mko wawili tu na matumizi yenu ni madogo, utaona mabando yenu yanatosha. Hesabu yako mwenyewe ndiyo itakayokuambia, wala si maneno ya mwuzaji.

Majibu ya swali la pili ni dakika 2, na dakika 4. Aliyekosa arudie hesabu pole pole, akianza na kuzidisha kwa 8.